Mshauri wa chuo anataka nibadili kozi ili niingie shule ya sheria. Nimsikilize?

Mtarajiwa:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko mwaka wa pili chuoni huku Marekani, nasoma falsafa, na nikimaliza nataka kuomba shule ya sheria. Juzi mshauri wa masomo kaniambia nihamie sayansi ya siasa, eti ndiyo njia ya wanasheria. Pia nirudie somo la takwimu nililopata C, alama mpya itafuta ya zamani. Halafu nifanye LSAT, mtihani wa kuombea shule ya sheria, mapema hata bila kujiandaa, nionje tu. Ni mama mwenye subira kwelikweli, ila nikiuliza zaidi anaanza kutafuta kwenye kompyuta. Nimwamini kwa lipi?

BiHoja:
Mdogo wangu, hapo kwenye C ndipo pa kuangalia. Chuo chako kinaweza kuifuta kwenye hesabu zake, lakini shule za sheria zinaletewa hesabu ya LSAC, wale wanaoendesha LSAT, na LSAC hukokotoa GPA (wastani wa alama zako) upya kutoka kwenye nakala za matokeo. Kama ile C bado inaonekana pale na alama yake, inahesabiwa, na ya marudio inahesabiwa pia. Hata masomo uliyochukua chuo kingine kabla ya shahada yanaingia. Mama wa watu hajakudanganya, kajibu kwa kanuni za chuo chake. A ya somo jipya ina uzito uleule na A ya marudio, na unajifunza kitu kingine.

KaratasiMezani:
Usihame. ABA, chama cha mawakili kinachoidhinisha shule za sheria, hakipendekezi kozi yoyote. Tena tangu Agosti 2024 LSAT imeondoa yale mafumbo ya mantiki. Zinazosahihishwa kwa alama ni sehemu mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu. Mtu wa falsafa akimbie nini hapo? Muulize mshauri wako kama anajua mafumbo yameondoka. Jibu lake litakuambia taarifa zake ni za lini.

Mtarajiwa:
Na hilo la kuonja?

KaratasiMezani:
Onjea nyumbani. LSAC wana mitihani ya zamani ya bure pale LawHub, tovuti yao ya mazoezi, jifungie na saa ujipime. Mtihani wenyewe una kikomo cha mara 7 maishani, na alama zako nyingine shule wanaziona hata kama wanaitazama zaidi ile ya juu.

Msomi wa Jioni:
Jamani msimponde sana mshauri. Wangu ndiye aliyenishtua kwamba LSAC hutoa msamaha wa ada, na ndiye aliyejua profesa gani huandika barua nzuri ya mapendekezo na yupi huandika mistari miwili. Hayo huyapati kwenye tovuti. Akianza kukutajia shule ipi utapata na ipi usijisumbue, hapo fungua ripoti ya 509, yaani takwimu za kila mwaka za shule husika. ABA inazilazimisha kutangaza LSAT na GPA za wanafunzi walioanza masomo pale, hata ufadhili.

BiHoja:
Swali dogo: huyo ni mshauri wa wanaoelekea sheria, au ni wa masomo kwa jumla?

Mtarajiwa:
Wa jumla, dada. Nimeangalia sasa hivi, kumbe wa sheria yupo, ofisi nyingine kabisa. Nimeomba miadi.