Re: Akaunti imefungwa, hela imekwama

Dada, pole sana. App ya kazi imekufungia akaunti hela yako ikiwa ndani, nawe umeuliza kama ndiyo basi tena kwa kuwa ulibonyeza "Nakubali" kwenye mkataba wao mwenyewe. Hapana. (Mimi mkataba wangu niliukubali nimesimama kwenye taa nyekundu. Nani huwa anasoma?)

Soma kesi ya David Heller, aliyekuwa akisambaza chakula kwa UberEats, app ya Uber ya kupeleka chakula, huko Toronto, Kanada. Kwa wiki alipata dola 400 hadi 600 za Kanada. Mkataba wake ulisema mgogoro wowote uamuliwe na wasuluhishi (waamuzi binafsi badala ya mahakama) huko Amsterdam, kwa sheria za Uholanzi, na ada ya kufungua shauri tu ilikuwa kama dola 14,500 za Marekani. Ada yenyewe haikutajwa mkatabani! Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakitupa kifungu hicho: hakuwa na nafasi ya kujadiliana lolote, na sharti lilimwelemea kupita kiasi. Hakulipwa kitu siku hiyo, tuelewane. Alichopata ni ruhusa ya kwenda mahakamani.

Watu hupenda kutaja pia ushindi wa madereva wa Uber Uingereza, 2021, waliodai haki za wafanyakazi. Ile ni habari nyingine. Pale sheria ya kazi ndiyo iliwabeba, na mahakama ilikataa kuyachukua maandishi ya mkataba kuwa ndiyo pa kuanzia.

Kwako wewe, angalia sehemu tatu za mkataba wako: usuluhishi, kubadilisha masharti, kufunga akaunti. Marekani baadhi ya mikataba hukupa siku 30 kujitoa kwenye usuluhishi kwa barua pepe tu, na wengi huziacha zikapita. Na kila masharti yakibadilika, hifadhi nakala yenye tarehe. Ya zamani mara nyingi huyapati tena kwao.

—

Asante kaka. Nimefukua barua pepe hadi usiku wa manane. Kifungu cha kufungiwa kinasema watanipa sababu kwa maandishi kabla au siku ileile. Nilichopata ni ujumbe wa mstari mmoja: "Akaunti yako haitumiki." Sababu hamna.

—

Basi hapo wao ndio wamevunja mkataba. Waandikie, taja namba ya kifungu, nukuu maneno yao kama yalivyo, dai sababu pamoja na hela ya kazi uliyokwisha kuifanya, na uwape tarehe ya kujibu. Ila usiandike leo, bado una hasira.