Msamiati mgumu wa Kiingereza kabla ya form five, naanzia wapi?

kijana_wa_kata:
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Nimemaliza form four shule ya kata, matokeo yametoka na Mungu kajalia, nategemea kwenda HGL (History, Geography na English Language), saa hizi niko home nasubiri selection. Shida yangu Kiingereza. Cha kawaida naelewa, taarifa ya habari naifuata vizuri tu, ila nikishika vitabu vya advance vya bro naona giza, kila baada ya mistari miwili kuna neno limenikalia njiani. Bro kasema nichukue dikshenari nianze A mpaka Z, maneno hamsini kwa siku, nakariri usiku asubuhi yameyeyuka. Halafu kuna mshikaji hapa mtaani yeye ni mabomu tu, mara "lugubrious" mara "perspicacious", anadai ukiyamwaga kwenye essay msahihishaji anaogopa mwenyewe anakupa A. Kuna ukweli? Na yapi ya kuanza nayo kwa huu muda niliobaki nyumbani?

mwl_wa_jioni:
Marahaba dogo, hongera sana. Mi nafundisha History advance kwa hiyo nasema ninachokiona kwenye script. Hayo mabomu hayana maksi. Msahihishaji ana mwongozo wake na rundo la karatasi mezani, anatafuta pointi, maelezo na mfano, sasa ukimwekea "perspicacious" katikati ya aya ambayo haina pointi unamchosha tu.

Kinachoua watoto ni maneno madogo ya kwenye swali lenyewe. Swali linasema "Account for", maana yake toa sababu, mtoto anaanza kusimulia tukio tangu mwanzo mpaka mwisho. Swali linasema "To what extent", yaani upime, useme kwa kiasi gani ni kweli na kwa kiasi gani siyo, yeye anakubali pointi zote sita anafunga pepa anatoka. "Assess", "examine", "justify", "with reference to", hayo yajue mpaka ukiamshwa usiku uyaseme. Chukua pepa za zamani za NECTA, pigia mstari kitenzi cha kila swali kabla hata hujafikiria jibu.

Baada ya hapo kuna orodha inaitwa Academic Word List, aliitoa mama mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, mwaka 2000. Alichambua maandishi ya kitaaluma ya fani nyingi akaondoa yale maneno 2000 ya kawaida ambayo kila anayejifunza anatakiwa awe nayo, akabaki na familia 570 za maneno zinazojirudia kila mahali, iwe sheria, sayansi au uchumi. Zimepangwa makundi kumi, la kwanza ndo linatokea sana: "factor", "policy", "establish", "significant", "derive", "labour", "sector". Angalia hayo halafu fungua kitabu chochote cha History ya advance uone. Dikshenari A mpaka Z unampa "aardvark", jina la mnyama tu, haki sawa na "analyse", ndo maana unachoka bure.

Mama_Pwani:
Mwalimu nakuunga mkono ila na wewe usimwachie mtoto orodha kavu, atakariri ile ile tu kwa jina jipya. Neno la Kiingereza lina wenzake linaotembea nao. Ukijua "role" bila kujua kwamba watu wanasema "play a role" utaandika "make a role". "Research" utaandika "make research" wakati wenyewe "conduct" au "do". Na ile "discuss about" na "despite of" tunayoandika nchi nzima, ondoeni hiyo "about" na hiyo "of", hazitakiwi. Kwa hiyo kwenye daftari lako mwanangu usiandike neno peke yake na tafsiri pembeni, andika sentensi nzima kutoka kwenye kitabu ulikolikuta, halafu ya kwako chini yake.

mtu_wa_ramani:
HGL? Basi Geography itakupa maneno ya bure. Wewe Kiswahili darasani si ulikuwa unachambua mofimu, mzizi huku viambishi kule? Fanya hivyo hivyo, maneno mengi ya Geography ni Kigiriki kimeunganishwa. "Iso" ni sawa, basi "isotherm" mstari wa sehemu zenye joto sawa, "isohyet" mvua sawa, "isobar" mgandamizo wa hewa sawa. "Litho" ni jiwe, una "lithosphere" kwenye Geography halafu unavuka History unakutana na "Neolithic", zama mpya za mawe, na "Palaeolithic" zile za kale, mzizi ule ule. Ila usiwe mvivu, kuna maneno mzizi unakudanganya, kwa hiyo hakikisha kwenye dikshenari.

zungu_la_unga:
Huyo jamaa wa "lugubrious" muulize yeye alipata ngapi 😂😂

boarding_survivor:
Suala la kusahau nalo lina dawa. Ukirudia neno mara nyingi usiku mmoja linaondoka, ukilirudia kesho, halafu baada ya siku kadhaa, halafu wiki, linakaa. Ukiwa nyumbani na simu pakua Anki, app ya kadi za kukariri, ya Android ni bure na inakupangia yenyewe. Ila boarding simu wanakamata, kwa hiyo jifunze mapema njia ya makaratasi, mwandishi mmoja Sebastian Leitner aliieleza kwenye kitabu chake cha 1972. Kata makaratasi magumu hata ya boksi la biskuti, mbele neno, nyuma maana na sentensi, weka kwenye bahasha tano. Ya kwanza unaipitia kila siku, ukipatia neno linahamia bahasha inayofuata ambayo unaifungua mara chache zaidi, ukikosea linarudi bahasha ya kwanza, hata kama lilishafika ya tano. Inakera lakini utaona bahasha ya kwanza imejaa yale yale yanayokusumbua, hayo ndo ya kupiga msuli, mengine yasubiri zamu ya bahasha yake.

kijana_wa_kata:
Aiseee asanteni sana. Sasa mwalimu, hizo 570 nisome zote kabla ya kuripoti au?

mwl_wa_jioni:
Hapana bwana. Makundi matatu ya mwanzo yanakutosha kabla ya shule, kila moja lina familia 60. Na "familia" ina maana "analyse", "analysis" na "analytical" unavisoma siku moja, usivitenganishe. Orodha ipo bure mtandaoni, nenda steshenari wakuprintie. Hayo mengine utayakuta darasani, huko hutayakwepa hata ukitaka.