Mjadala: Mayflower ilivushwa na imani, au na kalafati na siagi?

Mleta mada: Wadau, kila mara tunaambiwa kuwa Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali waliojitenga na Kanisa la Uingereza, walivuka Atlantiki kwenda Amerika mwaka 1620 kwa meli ya Mayflower, kwa nguvu ya imani. Mimi nasema imani iliwapandisha melini, basi. Kilichowaua ni kuchelewa. Meli yao ya pili, Speedwell, ilivuja wakarudi bandarini mara mbili. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wao, anaeleza kuwa ilifungwa milingoti mikubwa kuliko uwezo wake: matanga yakijaa upepo, mlingoti unalemea ubavu, mbao zinaachana, maji yanaingia. Bandari ya Southampton, Uingereza, waliitoka Agosti. Walipoiacha Plymouth, bandari yao ya mwisho Uingereza, tarehe 6 Septemba, kwa kalenda yao, abiria 102 walikuwa wamebanana katika meli moja. Nchi kavu wameiona 9 Novemba, baridi imeshatanda.

Mchangiaji 1: Mkuu, umesahau fedha. Pale Southampton walikataa masharti mapya ya wafadhili wa safari, na wakala Thomas Weston naye akakataa kulipa deni la bandarini. Ikabidi wauze siagi, mapipa madogo 60 hadi 80! Wakabaki na biskuti ngumu, nyama ya chumvi na bia. Hapo hakuna tunda wala mboga mbichi, na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, hakibishi hodi.

Mchangiaji 2: Sikubaliani. Katikati ya bahari boriti kuu ilipinda na kupasuka, na baadhi ya mabaharia wakataka kurudi. Skrubu kubwa ya chuma, ambayo abiria walitoka nayo Uholanzi, ikaiinua boriti mpaka mahali pake, ikawekewa nguzo chini, sitaha ikatiwa kalafati, yaani nyufa za mbao zikazibwa. Kisha wakajikabidhi kwa Mungu, wakaendelea. Kwao nguzo na dua vilikwenda pamoja. Majira ya baridi, wazima walipobaki sita au saba tu, ndio waliokata kuni, kupika na kufua nguo chafu za wagonjwa usiku na mchana. Karibu nusu walikufa. Aprili 1621 Mayflower ikarudi Uingereza, na hakuna mlowezi hata mmoja aliyepanda. Hilo utalieleza kwa siagi?

Mleta mada: Abiria wengi hawakuwa wa kanisa lao, nao pia hawakupanda. Mkataba wa miaka saba na wafadhili uliwabana wote.

Mchangiaji 3: Tazameni msafara wa John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, wa mwaka 1630, meli 11, Wapuritani wenye imani kali vilevile. Hao walikufa kama 200 kabla mwaka haujaisha, na wengi wakarudi kwao. Februari 1631 meli ya Lyon ikaleta chakula na maji ya malimau, na wagonjwa wa kiseyeye wakapona. Winthrop mwenyewe ameliandika hilo. Lakini aliandika pia kwamba walionung'unika na kutamani maisha ya Uingereza ndio waliopata kiseyeye wakafa. Hapa ndipo imani ilipowaonea wagonjwa. Kiseyeye huanza na uchovu na moyo mzito, fizi zikivimba baadaye. Huzuni waliyoiona ilikuwa dalili, wakaihesabu kuwa kosa la mgonjwa, na pipa la malimau limo humo humo katika kumbukumbu zao.