Pawasaplai ya ziada kwenye paneli ya kengele ya moto: inaunganishwaje, na betri zake zinahesabiwaje?

FundiLaini ameuliza:

Wakuu, nina paneli ya anwani (kila kifaa kina namba yake) ya volti 24. Pawasaplai yake ya ndani inatoa ampea 5 kwa jumla, na ina sakiti mbili za ving'ora, kila moja ampea 2.5. Vilivyopo vikilia vyote vinakula 3.6 A, na bodi pamoja na vitambuzi vinachukua 0.35 A. Sasa jengo limeongezwa upande mmoja, vinaingia ving'ora 18 vyenye vimulimuli, kila kimoja 0.135 A. Hiyo ni 2.43 A juu, jumla 6.38 A. Imeshapita uwezo.

Pawasaplai ya ziada iliyopo ni ya 24 V, 6 A, matokeo manne (sehemu za kutolea umeme) ya hadi 3 A kila moja, ina chaja yake, ingizo mbili za kuamshwa na rilei ya hitilafu (swichi inayotoa taarifa ikiharibika). Ninayotaka kujua: naweza kuiunga sambamba na ile ya ndani ili zigawane mzigo? Betri za paneli zinaweza kutumika kwa zote mbili? Ikae ndani ya kabati la paneli au nje? Na ikifa, paneli itajuaje?

---

OmuKumi amejibu:

Sambamba hapana. Pawasaplai mbili hazitoi volti sawasawa hata zikiwa za toleo moja. Yenye volti ya juu kidogo hubeba karibu mzigo wote hadi ifike kikomo chake, nyingine inakaa tu. Isitoshe, vipimo vya chaja na vya hitilafu vya kila moja vinasoma volti ya mwenzake, kwa hiyo moja ikifa unaweza usione chochote. Mzigo hugawanywa kwa sakiti nzima: ving'ora vya zamani vibaki kwenye paneli, vipya 18 viende vyote kwenye pawasaplai mpya. Paneli inabaki na 3.95 A kati ya 5, mpya inabeba 2.43 A kati ya 6. Hakuna waya wa nguvu unaovuka kati yake, unavuka waya wa kuamsha tu.

Kuamsha kuna njia mbili. Ya kwanza, unachukua sakiti ya ving'ora ya paneli na kuiingiza kwenye ingizo la pawasaplai. Hapa ndipo wengi wanapokosea rezista ya mwisho, ile inayofungwa mwisho wa laini ili paneli ione kama waya ni mzima: kama pawasaplai ndiyo kifaa cha mwisho kwenye sakiti hiyo, rezista inahama kutoka king'ora cha mwisho cha zamani na kufungwa kwenye terminali za ingizo. Ukiiacha kule kule na kuendeleza waya, kipande kipya hakisimamiwi. Kikikatika paneli haitasema neno. Ukiweka mbili, ukinzani unashuka na paneli inalalamika. Thamani ni ile ya mtengenezaji wa paneli, usitoe rezista ya paneli nyingine kwa sababu rangi zinafanana.

Ya pili ni moduli ya kutoa amri yenye anwani yake. Naipendelea hii kwenye jengo lililoongezwa, kwa sababu unaweza kuiprogramu upande mpya ulie peke yake au pamoja na wa zamani, na sakiti za zamani huzigusi kabisa.

Kuhusu paneli kujua: pawasaplai nyingi za aina hii zikipata hitilafu hukata usimamizi wa sakiti inayoziamsha, kwa hiyo paneli huandika "sakiti wazi". Inatosha kwa kengele ya hitilafu, lakini fundi atakayekuja atatafuta waya uliokatika wakati kilichokufa ni betri. Tumia rilei ya hitilafu na moduli ya kusoma yenye anwani, uiandike jina linaloeleweka: "PAWASAPLAI YA ZIADA – UPANDE MPYA". Angalizo: rilei hiyo kwa kawaida imevutwa pawasaplai ikiwa nzima, na huachia ikiharibika au ikikosa umeme wote. Maandishi ya NC (iliyofunga) na NO (iliyo wazi) kwenye bodi yanaweza kuwa ya rilei isiyo na umeme, yaani kinyume cha unachokiona ikifanya kazi. Usiyaamini. Washa, shika mita, tafuta jozi iliyofunga ikiwa nzima. Hiyo ndiyo unayoipitisha mfululizo na rezista ya moduli, na rezista ikae pale pale kwenye rilei, sio kwenye moduli.

---

BetriMbili amejibu:

Nichukue la betri. Pawasaplai yenye chaja yake ipewe betri zake. Chaja mbili kwenye seti moja zinapigana, na kipimo cha betri cha moja kinadanganywa na volti ya nyingine. Zipo kadi za kuongezea ndani ya paneli ambazo mtengenezaji ameruhusu zishiriki betri, lakini hizo zina jampa ya kuzima chaja moja na kitabu chake kinasema wazi. Ya kwako sio hiyo.

Hesabu ya betri za pawasaplai mpya, tuseme bodi yake pamoja na moduli zinakula 0.09 A kwenye utulivu (hali ya kawaida, kengele haijalia), na bodi inakula 0.12 A kengele ikilia. Wakati wa kengele ni 2.43 + 0.12 = 2.55 A.

Kwa NFPA 72 (kanuni ya Marekani ya kengele za moto), saa 24 za utulivu na dakika 5 za kengele (15 kama ni mfumo wa sauti ya kuhamisha watu):
24 × 0.09 = 2.16 Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri)
2.55 × 5/60 = 0.21 Ah
Jumla 2.37, ongeza asilimia 20, inakuwa 2.85 Ah.

Kwa BS 5839-1 (kiwango cha Uingereza), saa 24 za utulivu na nusu saa ya kengele:
1.25 × (24 × 0.09 + 1.75 × 2.55 ÷ 2) = 1.25 × (2.16 + 2.23) = 5.49 Ah.

Hiyo 1.75 inaingia kwa sababu betri ya risasi ikitolewa mkondo mkubwa haitoi Ah zote zilizoandikwa ubavuni. Betri mbili za 12 V 7 Ah mfululizo zinatosha kwa hesabu zote mbili. Ila ukichomeka kitu kingine cha kudumu baadaye, mfano 0.1 A tu ya kufuli za milango, utulivu peke yake unaongezeka 2.4 Ah, na kwa BS jumla inafika 8.5 Ah. Betri za 7 zimeshakataa. Kinachomaliza betri kwenye mifumo hii ni hivyo vya kudumu, ving'ora vinasingiziwa tu. Sumaku za kushikilia milango ya moto zisipewe betri kabisa: umeme ukikatika mlango ujifunge, ndivyo unavyotakiwa.

Kabla ya kununua kubwa zaidi angalia ukomo wa chaja. Chaja iliyotengenezwa kwa 7 hadi 18 Ah ukiipa 40 Ah haitaijaza ndani ya muda unaotakiwa. Na betri zote mbili ziwe mpya, za aina moja na za tarehe moja. Ukichanganya mpya na ya zamani, moja hupandishwa volti kupita kiasi na nyingine haijai, ilhali mita ukiiweka kwenye jumla inaonyesha 27 na ushee kama kawaida. Pima kila moja.

---

Kebo_Nyekundu amejibu:

Mmesahau waya. Ving'ora 18 vinaingia kwenye tokeo moja la 3 A kwa karatasi, na ndiyo maana watu huvifunga hivyo. Tufanye kebo ni 1.5 mm² na cha mwisho kiko mita 85. Shaba ya 1.5 ina omu 12.1 kwa kilomita, kwenda na kurudi mita 170, yaani omu 2.06.

Vyote 18 kwenye tokeo moja: 2.43 × 2.06 = 5.0 V zinapotea.
Tisa tisa kwenye matokeo mawili: 1.215 × 2.06 = 2.5 V.

Usianze na 27. Anza na 20.4 V, yaani betri zikiwa zimeshuka hadi asilimia 85 ya 24. Tokeo moja: 15.4 V kwa cha mwisho. Mawili: 17.9 V. Vifaa vingi vya 24 V vinataka angalau 16 V. Sasa ona mtego: ukijaribu mchana umeme ukiwepo, tokeo moja linatoa volti 21 au 22 mwishoni, vimulimuli vyote vinawaka vizuri, kazi inakabidhiwa. Usiku umeme umekatika na betri zimechoka, vya mwisho vinakufa. Hesabu hii imeweka mzigo wote mwisho wa kebo, kwa hiyo ni kali kuliko hali halisi. Lakini kimulimuli volti ikishuka kinavuta mkondo zaidi, sio pungufu, kwa hiyo tumia mkondo wa juu kabisa ulioandikwa kwenye karatasi yake, kwa ule mwangaza utakaouweka. Kuhamisha swichi ya mwangaza kutoka kandela 15 hadi 110 kunazidisha mkondo mara kadhaa, na hesabu yote inalala.

Jambo jingine: usitoe tawi pembeni. Waya uingie na utoke kwenye kila king'ora, ukatwe kabisa, ncha mbili chini ya terminali mbili. Kuna wanaochuna katikati na kuzungusha chini ya skrubu moja bila kukata. King'ora kikichomoka, laini inabaki nzima na paneli haioni.

Na kama mtu anaweza kusimama mahali akaona kimulimuli cha zamani na kipya kwa pamoja, ni lazima vimweke kwa pamoja. Chukua ishara ya ulandanisho kutoka sakiti ya paneli na uweke swichi ya pawasaplai ifuate, au panga matokeo yote yafuate chanzo kimoja. Mimweko inayopishana ina hatari kwa wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga.

---

FundiLaini ameandika:

Asanteni. Imefungwa kwenye kabati lake upande mpya, tisa tisa, betri 7 Ah, amri kwa moduli. Tatizo: paneli na pawasaplai zote zinaonyesha hitilafu ya ethi (umeme kuvuja kwenda ardhini), na tokeo la 2 linasema lina njia fupi (shoti) hata kabla ya kengele. Hasi ya paneli na ya pawasaplai zimeungwa pamoja, maana moduli ilihitaji hasi ya pamoja.

---

OmuKumi amejibu:

La ethi limejieleza. Kila moja ina kipimo chake cha ethi kinachoingiza volti ndogo kati ya sakiti na bodi ya chuma. Hasi zikiungwa, kila kipimo kinamwona mwenzake kama uvujaji. Angalia swichi au jampa ya kuzima kipimo cha ethi kwenye pawasaplai na ukiache cha paneli, kama kitabu chake kinaruhusu. Lakini kwanza fungua ile hasi uone kama moduli inaihitaji kweli. Nyingi zina mguso mkavu (swichi tu isiyotoa umeme wake), na ingizo la kuamsha limetenganishwa kwa mwanga, halina haja ya kuungana kwa waya na upande wa pili. Baada ya kufungua, hitilafu ikibaki upande mmoja, hapo tafuta uvujaji halisi: kebo iliyobanwa na kifuniko, au kaboni nyuma ya king'ora cha nje.

Tokeo la 2: weka mita kwenye terminali zake wakati wa utulivu, nyekundu kwenye chanya. Inapaswa kusoma volti za kinyume, yaani alama ya kutoa mbele. Kengele ikilia inageuka kuwa chanya. Diodi ya kila king'ora huzuia ule mkondo wa kinyume ili ipimwe rezista peke yake. King'ora kimoja kikiwa kimegeuzwa nyaya, diodi yake inapitisha na pawasaplai inaona ukinzani mdogo. Chomoa katikati ya laini, kwenye cha 5, na upime tena. Kwa hatua tatu au nne utakuwa umekipata.

---

Kebo_Nyekundu amejibu:

Kabla hujafungua tena: wajulishe wanaopokea ishara za jengo, na uzime kwenye paneli amri za lifti, milango, na hasa gesi ya kuzimia moto kama ipo. Gesi itenganishwe kwa swichi yake, usitegemee programu peke yake. Kuzima anza na betri kisha umeme. Kuwasha anza na umeme kisha betri. Nyaya za umeme mkuu ndani ya kabati zikae angalau milimita 6 mbali na za volti 24, ziingie tundu lao, na breka isilishe kitu kingine, ifungwe na iandikwe.

Hapo ulipoweka kabati, kama hapakaliwi na mtu muda wote, NFPA 72 inataka kitambuzi cha moshi juu yake, sawa na cha paneli.

Kujaribu: ondoa rezista ya tokeo la 1, kisha la 2, kila moja ilete hitilafu kwenye paneli. Chomoa waya mmoja wa betri na usubiri, baadhi ya chaja hupima kila baada ya dakika kadhaa, usiseme haifanyi kazi baada ya sekunde kumi. Unganisha tokeo la 1 njia fupi wakati wa kengele, la 2 liendelee kulia. Zima breka, liza kengele kwa betri peke yake muda wote uliouhesabu, dakika 5 au 30, na upime volti kwenye king'ora cha 9 cha kila tokeo dakika ya mwisho. Namba hiyo iandike ndani ya mlango wa kabati pamoja na tarehe ya betri.