Akina mama wa kujitolea kwa afya ya wanachuo, wenzetu walianzaje?

Mama Eliza wa Ipuli

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Niko Tabora mjini, tuna kikundi chetu cha akina mama, sio kile cha mkopo wa halmashauri wala sio vikoba, ni cha kusaidiana tu misiba na wagonjwa. Sasa huku mtaani wamepanga wanachuo wengi, watoto wa watu wametoka Kibondo, Nzega, wengine Songea huko, na wakiumwa wanaumwa chumbani peke yao. Juzi juzi kuna binti alijifungia na homa, wenzie wakajua kasafiri, mwenye nyumba ndo akasikia mtu anatapika. Tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali ya Kitete, wakampima wakakuta malaria imepanda, akalazwa, mi ndo nikawa napeleka uji na kanga za kubadilisha maana hata ndugu wa kumfulia hana.

Basi baada ya hapo wenzangu wakasema hili jambo tulifanye rasmi. Mwenyekiti wetu anasema kasikia Marekani kwenye vyuo vikubwa hizi huduma za afya zilianzia kwa akina mama wa kujitolea kama sisi, mwingine akambishia kwamba kule kila kitu kina bajeti yake. Nani mkweli? Na hela walitoa wapi, na ilikuwaje visife, maana vya kwetu tunavijua, mwaka wa kwanza sare, mwaka wa pili ugomvi wa mweka hazina. Naombeni historia, mahubiri tunayapata jumapili.

MtuWaReli

Marahaba mama, na Songea mpaka Tabora kweli bumu, ule mkopo wa wanachuo, linatembeza watu 😂

Mwenyekiti wenu yuko sahihi, ingawa sio kila chuo. Amherst kwa mfano walikuwa na daktari wao tangu 1861, hapo chuo chenyewe ndo kiliamua. Ila chukua Berkeley, California. Miaka ya 1890 mabinti walikuwa wanasoma pale lakini jimu ilikuwa ya wavulana, wakaomba na wao waitumie, wakaambiwa sawa ila kwanza mpimwe na daktari. Haya, daktari wa kuwapima yuko wapi? Ndo akaingia Dk Mary Bennett Ritter, daktari mwanamke kipindi ambacho kumpata daktari mwanamke ilikuwa kazi, akawa anawapima mmoja mmoja na kuwafundisha mambo ya usafi na afya. Baadae mshahara wake ukawa unatolewa na Phoebe Hearst, mjane wa tajiri wa migodi, hela yake mwenyewe sio ya chuo.

Sasa mwaka 1900 mabinti wa chuo wakiwa na huyo Dk Ritter wakaunda chama chao kinaitwa Prytanean, na moja ya kazi walizojipa ni kutafuta hela ya zahanati ya wanachuo. Walikuwa wanaandaa sherehe na maonyesho watu wanaingia kwa kiingilio, yaani kile kile mnachofanya nyie mkitaka kununua viti vya kukodisha. Halafu April 1906 tetemeko likaivunja San Francisco, watu wakakimbilia upande wa pili wa ghuba kule Berkeley, chuo kikajikuta kinahudumia wagonjwa kitake kisitake, na mwaka huo huo huduma ya afya ya wanachuo ikaanza rasmi kila mwanafunzi anachangia kwenye ada. Kwahiyo hela ya mwanzo ni ya akina mama na mabinti, hela ya kuendeshea ikawa ya ada. Hapo ndo pa kuangalia mama, wengi wanapapita haraka.

nesi_mstaafu_Ujiji

Mama Eliza hongera, huyo mtoto mmemwokoa, malaria ya kujifungia ndani nimeona inavyomaliza watu.

Mi naongezea Princeton. Pale hata kabla ya kikundi alikuwepo mtu mmoja, Isabella McCosh, mke wa mkuu wa chuo. Mumewe aliongoza chuo kuanzia 1868 mpaka 1888, wametoka Scotland wakapitia Belfast, na huyu mama baba yake alikuwa daktari kwahiyo kuuguza alikujua tangu nyumbani. Alikuwa akisikia kijana anaumwa anamfuata bwenini na chakula na dawa. Fikiria mke wa mkuu wa chuo anapandisha ngazi za bweni la wavulana na kikapu. Na magonjwa yalikuwepo kweli, mwaka 1880 homa ya matumbo ilipiga pale wanafunzi wakafa, mambo ya maji machafu na mitaro. Walipojenga jengo la kuuguzia wanachuo mwaka 1892 wakalipa jina lake, na jipya lililojengwa 1925 likabaki na jina hilo hilo. Kikundi cha akina mama wa kujitolea kikaundwa kwa ajili ya jengo hilo, wanachangishana na kununua vile vitu ambavyo wodi inavihitaji ila bajeti haivioni.

Na hapa nasema kama mtu niliyekaa wodini miaka mingi. Dawa mtaambiwa mnunue, msinunue. Dawa ina mwenyewe, ina utaratibu wake, ikiharibikia mikononi kwenu mtaitwa polisi. Kinachokosekana wodini ni shuka, chandarua kisichotoboka, beseni, thamosi ya uji, pedi kwa mabinti, na mtu wa kukaa pembeni ya kitanda usiku kumwambia nesi dripu imeisha. Huyo mtu wa pembeni ndo mwanachuo hana, mgonjwa wa mjini ana shangazi, mwanachuo ana rumeti ambae kesho ana tesiti.

Kijana wa Mwanga

Nisameheni mama zangu ila mi naona tofauti. Chuo kinakusanya ada, na bima juu, kipindi dogo wangu anasoma ilikuwa 50,400 kwa mwaka analipa mwanafunzi mwenyewe, halafu tena akina mama wa mtaani wanaokaanga maandazi saa kumi alfajiri ndo waende kulisha wagonjwa bure? Hao wa Marekani walikuwa wake wa maprofesa, wana wapishi nyumbani, muda wanao. Mkianza hivi chuo kitalala usingizi, kikiulizwa kitasema tuna akina mama wetu wanajitolea. Kazi ya bure ya mwanamke hapa nchi hii ishakuwa bajeti ya kudumu.

nesi_mstaafu_Ujiji

Mwanangu hoja yako nzito na sikubishii kwa wake wa maprofesa, ni kweli. Ila hao wa Berkeley walioanzisha chama ni wanachuo wenyewe. Na soma tena alichoandika wa Reli, hawakuuguza watu bure miaka mia, walichangisha, wakasukuma, mwishowe chuo kikachukua kikatoza ada. Mwaka 1903 kule Cornell maji ya mji yaliingiliwa na taifodi wanafunzi 29 wakafa, mpaka tajiri Carnegie akajitolea kulipa matibabu ya wanafunzi na mtambo wa kuchuja maji. Baada ya mambo kama hayo chuo gani kitasema afya ya mwanafunzi hainihusu? Lakini lazima awepo wa kupiga kelele, na wa kupiga kelele anayesikilizwa ni yule aliyemkuta mtoto chumbani. Chuo hakijui kwamba binti wa Ipuli alijifungia. Mama Eliza anajua.

Kijana wa Mwanga

Hapo sawa mama. Basi waandike. Kila mgonjwa waliyempeleka hospitali waandike kwenye daftari tarehe na shida gani, bila jina, halafu mwisho wa muhula waende nalo kwa mlezi wa wanafunzi. Daftari linaongea kuliko risala.

MtuWaReli

Daftari naunga mkono. Na mama uliuliza mbona havikufa. Nnavyoona mimi ni kwa sababu havikung'ang'ania kile kilichokwisha kuchukuliwa na chuo. Berkeley walipata hospitali kubwa ya wanachuo mwaka 1930, Cowell, imejengwa kwa urithi wa tajiri, hapo Prytanean wangeweza kununa kwamba wazo letu limeporwa, ila chama kiliendelea na mambo mengine ya wanafunzi wa kike. Na hiyo Cowell, nje ya mada kidogo ila siwezi kuiacha, mwaka 1962 alikuja kijana anaitwa Ed Roberts, polio imempoozesha kuanzia shingoni, usiku analala ndani ya lile pipa la chuma la kumsaidia kupumua, bweni gani litabeba kitu kile? Wakampa chumba hospitalini akasoma akiishi humo, wakafuata wenzake wenye ulemavu, na kutoka kwenye ile wodi ikazaliwa harakati ya watu wenye ulemavu kujitegemea, 1972 wakafungua kituo chao mjini. Hakuna aliyepanga hivyo wakati mabinti wanauza tiketi.

Kuhusu mweka hazina, wekeni sahihi tatu za benki na msitoe pesa taslimu kwa mwanafunzi. Lipeni bajaji, nunueni shuka, basi.

Mama Eliza wa Ipuli

Jamani nimewasomea wenzangu yote kwa sauti, mwenyekiti kafurahi mpaka kero 😂 na yule aliyebisha sasa hivi ndo anataka awe katibu. Tumekubaliana tuanze na mitaa yetu tu ya Ipuli, Isevya hao wataanza wenyewe wakitaka. Tunabandika namba mbili za simu kwenye mageti ya nyumba zenye wapangaji, mwenye bajaji tumeshaongea nae atatubeba usiku tunamlipa jumapili. Dawa hatugusi kama alivyosema nesi. Daftari kijana wa Mwanga tumelinunua, lile kubwa la kaunta.

Ila swali, wawili wetu ni WAWATA, chama cha wanawake wakatoliki, na wanasema huku kwao kutembelea wagonjwa wamefanya tangu chama kianze 1972, kwanini tusiingie chini yao badala ya kujiandikisha upya. Sisi wengine ni waislamu, na wanachuo ni mchanganyiko.

nesi_mstaafu_Ujiji

Jiandikisheni wenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, katiba yenu kurasa chache tu inatosha, na WAWATA wabaki majirani wema mnaazimana sufuria. Ukiwa na barua ya kata hata pale wodini mlinzi hakusumbui nje ya saa za kuona wagonjwa. Na huyo binti anaendeleaje?

Mama Eliza wa Ipuli

Karudi darasani. Kaomba awe kwenye kikundi, tumemwambia amalize kwanza mitihani.