Corolla 110 inachemsha na haichaji: oltaneta ya mtumba au nisuke (nikarabati) iliyopo?

Kigogo_Mtaa
Habari wakuu. Corolla inachemsha, na taa ya betri inawaka. Fundi mmoja anataka oltaneta (mashine inayochaji betri) ya mtumba na rejeta mpya. Mwingine anasema oltaneta ibadilishwe kaboni na daiodi (vipuri vya ndani) tu, rejeta izibuliwe. Kesho naenda maduka ya Gerezani, Dar, kuchukua spea. Nichague ipi?

SpanaKumi
Taarifa haitoshi, mkuu. Injini gani? Inachemsha kwenye foleni au ikiwa kwenye mwendo? Feni inazunguka? Betri inasoma volti ngapi?

Kigogo_Mtaa
5A-FE. Ni kwenye foleni, hasa nikiwasha AC. Volti sijapima.

UmemeTanga
Basi usinunue kitu kwanza. Kwenye 5A mkanda mmoja unazungusha oltaneta na pampu ya maji. Ukilegea au kulowa oili, vyote viwili vinazembea kwa pamoja. Zima injini, bonyeza mkanda kwa dole gumba kati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimita 1 hivi, kaza. Ukiwa na nyufa, badilisha.

Kisha chukua mita. Betri iliyojaa, injini imezimwa, isome karibu 12.6. Injini ikinguruma, 13.8 hadi 14.5. Ikibaki chini ya 13, hamia kwenye bolti ya B (inapotokea umeme) ya oltaneta yenyewe. Ukikuta pale 14.2 na kwenye betri 12.8, oltaneta ni nzima. Umeme unapotelea kwenye waya, fyuzi kubwa au viungo vyenye kutu. Na umeme ukiwa mdogo feni nayo inazunguka kivivu, ndiyo maana gari inachemsha kwenye foleni.

SpanaKumi
Oltaneta ikithibitika mbovu, chukua ya mtumba. Kaboni nyingi za madukani ni laini, hazidumu.

UmemeTanga
Ya mtumba nayo hujui beringi zake zimechoka kiasi gani. Kama waya za ndani hazijaungua, mimi nasuka.

DadaGereji
Mnasahau asi, njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Kuna 110 ilibadilishiwa oltaneta, ikabadilishiwa betri, bado tatizo lile lile. Sindano ya joto ilipanda kila taa kubwa zilipowashwa, ikashuka zilipozimwa. Maji hayabadiliki joto kwa sekunde mbili! Kumbe giaboksi ilipofunguliwa, waya wa asi kutoka bodi hadi injini ulirudishwa juu ya rangi na bolti haikukazwa. Weka mita kati ya bloku ya injini na hasi ya betri, injini ikiwaka na taa zote zikiwashwa: ikizidi volti 0.2, safisha hadi chuma kionekane.

Mzee_Joto
Ng'oa thamostati (vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto), Dar ni joto.

DadaGereji
Hapana, mzee wangu. Injini itachelewa kupata moto na kompyuta itaongeza mafuta. Weka ya nyuzi 82, mfuniko wa rejeta uwe wa presha ya 0.9.

Mzee_Joto
Magari mangapi yanatembea bila hiyo?

SpanaKumi
Yanatembea, yakinywa mafuta. Kigogo, injini ikiwa imepoa, fungua mfuniko, uwashe. Mapovu yakitoka mfululizo hata baada ya hewa kuisha, shuku gasketi ya silinda hedi, na rejeta mpya haitakusaidia.

Kigogo_Mtaa
Mkanda unazama karibu sentimita 2. Mapovu sijaona. Feni haijawahi kuwaka mbele yangu.

UmemeTanga
Chomoa plagi ya swichi ya joto inayowasha feni, swichi ya gari ikiwa ON. Feni ikizunguka, relei na mota ni nzima. Isipozunguka, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Leta majibu kabla ya kwenda Gerezani.