Wasaili wa kazi za IT kwa Zoom: mnapima ujuzi au mnapima bando?

Wakuu, habari za saa hizi. Leo natoa ya moyoni, na mnaokaa kwenye majopo ya usaili najua mmo humu.

Mtu kaomba kazi ya kutengeneza mifumo ya malipo. Kaitwa usaili mtandaoni. Anaingia, anakuta watu watano, wote wamezima kamera, hakuna anayejitambulisha. Amri inatoka: "Washa kamera, onyesha skrini yote, andika msimbo wa programu huku unaeleza." Ukiuliza swali, kimya. Hujui kama hawajakusikia, mtandao umekata au wanakunywa chai. Mara sauti inatoka gizani: "Zimebaki dakika kumi." Hata polisi anayekuhoji unamwona sura!

Na swali lenyewe sasa: geuza mti wa nodi (data iliyopangwa kwa matawi), kushoto uje kulia, na usiguse Google. Jamani, kazi mliyotangaza ni kuunganisha M-Pesa na Airtel Money! Niulizeni basi, mtandao ukiyumba na ombi la malipo likatumwa mara mbili, nafanyaje mteja asikatwe hela mara mbili? Hapo tungeongea nusu saa nzima na mngenijua mimi ni nani. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, alilalamika hadharani kwamba Google wamemkataa kwa sababu ya mti huohuo, wakati wahandisi wao wanatumia programu yake. Mpaka leo tuko palepale.

Msije na ile ya "presha ni sehemu ya kazi". Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na wenzao wa Microsoft waliwapa swali wanafunzi 48. Wengine walilifanya peke yao chumbani, wengine ubaoni huku wanatazamwa na wanaeleza wanachofikiri. Waliotazamwa, ufaulu wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa hakuna hata mmoja aliyepata; walioachwa peke yao wakapata wote. Kundi lilikuwa dogo, sawa. Ila nyie mnaolia kila siku kwamba hampati madada wa IT, anzieni hapo.

Umeme nao. Unakatika, unahamia hotspoti ya simu, unarudi unakuta wameshafunga kikao. Kesho yake barua pepe: "mwombaji hakuonyesha umakini". Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, nchi nzima ilitambaa. Nani aliziandikia benki kwamba hazina umakini?

Halafu kuna walionisaili kwa Zoom ya bure. Dakika 40 zikaisha, tukakatika katikati ya jibu langu, linki nyingine haikuja. Wanatafuta mhandisi mwandamizi, hao!

Kazi za majaribio ya usaili za kwenda kufanyia nyumbani sizigusi leo. Mfumo mzima wenye logini na ripoti, bila senti, kisha unakula kimya. Zina uzi wake.

Na wala si jambo gumu. Siku moja kabla, tuma linki, majina ya watakaokuwepo na namba ya kupiga ikikatika. Sema saa ni ya nchi gani, maana kama kuna mtu wa Lagos kwenye jopo, yeye yuko nyuma yetu saa mbili. Wasaili wawili wanatosha, nyuso wazi. Nipe msimbo wenye hitilafu inayofanana na za kwenu, niache nusu saa na kompyuta yangu, kisha rudi tujadili. Maswali yawe yaleyale kwa kila mwombaji, na kila msaili aandike alama zake kabla hajasikia za mwenzake, bosi asije akawavuta wote. Mnaogopa ChatGPT? Muulize mtu kwa nini kachagua njia hiyo na ingeharibika wapi. Aliyenakili, swali la pili tu anaanza kukohoa.

Sasa nyie wa majopo, nijibuni hapahapa: kamera mnazima kwa nini? Na asije mtu na habari za kubana bando, maana sisi tukisema hivyo mnatuandikia hatuko makini.